Waliohama kwa Hiari

Maneno haya nimeyapata kwa Esteria mwenyewe, mwezi wa saba mwaka jana, baridi ilipokuwa imekaza na yeye amekuja kukaa kwangu siku nne. Alisema huku anachambua maharage, uso ameuinamisha kwenye ungo. Nayaandika kama alivyoyatoa.

Kabla watu hawajamwita Mheshimiwa, Esteria alikuwa nesi mkunga miaka ishirini na miwili katika kituo cha afya cha Kwemsambia, mji mdogo ulioshikilia ubavu wa mlima, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Lushoto. Kazi aliipenda, lakini kulikuwa na jambo moja lililomtafuna. Wanawake wa mjini walikuja kujifungua kwa miguu yao, kitenge begani na chupa ya chai mkononi, kesho yake wakarudi na mtoto. Wanawake wa vitongoji vya juu waliletwa kwa machela. Ukisikia miguu ya wanaume wanane inakimbia kwenye matope na hakuna anayesema neno, ujue. Mara nyingine mzazi alifika angali anapumua. Mara nyingine Esteria alifunua blanketi, akafunika tena. Na wale wanaume walisimama nje wakijipangusa matope kwa majani, kila mmoja akitazama upande wake, na yeye hakujua awaambie nini, maana hawakukosa kitu. Walikuwa wamekimbia tangu alfajiri.

Kwa hiyo akina mama wa usharika walipomwomba agombee udiwani wa viti maalum, alikubali kwa ajili ya jambo hilo moja. Alitaka ipatikane nyumba karibu na kituo, mwanamke wa juu ashuke wiki mbili tatu kabla ya siku zake, akae hapo angoje, uchungu ukimshika avuke njia tu awe mikononi mwa mkunga. Mengine yote ya udiwani, zile barabara na mageti ya ushuru na safari za semina, aliyachukua kama mtu anavyochukua kuku wa ziada aliyepewa kwenye mnada.

Lakini huingii kwenye baraza ukapata ulichokifuata siku ile ile. Kipindi chake cha kwanza chote kililiwa na nyumba nyingine.

Pale mjini, ng'ambo ya njia ukitoka kituo cha afya, kulikuwa na nyumba ndefu ya mawe iliyojengwa na Wajerumani, vyumba sita mstari mmoja, mali ya halmashauri. Waliokaa humo walikuwa wanawake sita wa sokoni, wajane na walioachwa, na watoto wao. Pakazuka maneno kwamba watolewe, nyumba ipakwe chokaa, ipangishwe kwa wageni wanaokuja kutembea Irente na kupiga picha za bonde. Esteria akasimama. Alisimama miaka mitatu. Akabeba karatasi kutoka ofisi hii hadi ile, akaambiwa hivi akaambiwa vile, mpaka ikapita sheria ndogo: mpangaji wa nyumba ya halmashauri asifukuzwe mpaka aonyeshwe kwanza chumba kingine cha kukaa, ndani ya mji ule ule.

Siku sheria ilipopita, mama mmoja wa chumba cha kwanza, Tatu, alimletea kabichi tatu kubwa kama vichwa vya ndama.

"Nesi," akamwambia, maana yeye hakuwahi kumwita jina jingine, "sasa hata Izraili akija kunichukua itabidi anionyeshe kwanza chumba kingine."

"Usitanie hivyo, mama Salama."

"Kwani hasomi sheria, huyo?"

Wakacheka mpaka kabichi moja ikabingirika mtaroni.

Tatu na Esteria walikuwa na jambo lao la zamani. Tatu alizika watoto wawili kabla ya kumpata Salama, na Salama naye alikuja vibaya, miguu mbele. Esteria ndiye aliyemgeuza, akamtoa, akakata kitovu. Sasa, kwa watu wa milimani, aliyekata kitovu cha mwanao ana neno kwako. Halidai, wala hakuna siku lililowekewa. Lakini akija siku moja akaomba, humwambii hapana. Hata watoto wanalijua hilo.

Kipindi cha pili, Esteria akarudi kwenye lile lake. Akazunguka na mafundi mji mzima akitafuta nyumba ya kina mama kungojea. Viwanja vilivyobaki vilikuwa mbali na kituo, kimoja nyuma ya soko, kingine bondeni, kinatuama maji. Nyumba za watu zilikuwa za watu. Jengo la halmashauri lililokuwa karibu na kituo, lenye vyumba vya kutosha na ukuta usioingiza baridi, lilikuwa moja. Alilijua tangu mwanzo, ila alilizunguka kama mtu anayezunguka chatu njiani.

Aliyelitaja wa kwanza ni Sefania, mwenyekiti wa kamati ya fedha, mzee wa kofia ya pama aliyependa kucheka maneno yake mwenyewe kabla hajayamaliza.

"Mheshimiwa Esteria, umejenga zizi imara, na sasa na wewe umo ndani!" Akacheka. "Nyumba ile ndiyo yenyewe. Lakini sheria yako inasema tusiwafukuze."

"Basi tujenge kwanza vyumba vyao, ndipo wahame."

"Kwa fedha ipi? Iliyopo ni ya ukarabati wa nyumba ya wazazi, na isipotumika mwaka huu inarudi ilikotoka. Sikiliza, dada. Sheria inamlinda anayefukuzwa. Mtu akifunga virago vyake mwenyewe, sheria haina habari naye. Kazungumze nao. Wewe wanakupenda."

Esteria akakaa na neno lile wiki nzima. Wiki ile ile machela mbili zilishuka. Moja ilitoka vitongoji vya juu, ng'ambo ya Kwai, msichana wa miaka kumi na saba, na aliyemfunika blanketi alikuwa Raheli, nesi aliyeshika nafasi yake. Jumamosi jioni Esteria akanunua kilo mbili za sukari akaenda kwa Tatu. Ilikuwa mwezi wa nane.

"Hodi hapa."

"Karibu, nesi. Au niseme Mheshimiwa? Mdomo wangu haujazoea."

"Sema nesi. Shikamoo, mama Salama."

"Marahaba. Umekuja na sukari, basi umekuja na neno. Kaa."

Salama alikuwemo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, baada ya sikukuu ya Idi ameolewa na Juma, kijana wa kupakia kabichi kwenye malori, ambaye wiki ilipita nzima hayupo. Kwa hiyo alikuwa bado kwa mama yake mpaka mume apate chumba. Akampa mgeni shikamoo, akachemsha chai ya maziwa, akammiminia. Yeye mwenyewe hakunywa. Mvuke wa maziwa ulipompata alivuta pembe ya kanga puani akatoka nje, akakaa huko nyuma ya nyumba muda. Esteria alimwona akitoka. Mkunga wa miaka ishirini na miwili alimwona kwa macho yake mawili, na hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa anapanga maneno yake.

Akayasema. Tatu alisikiliza huku anapanga karoti mafungu mafungu, ncha upande mmoja.

"Chumba hiki nimekaa miaka kumi na saba," akasema mwishowe.

"Najua."

"Mvua ya masika naisikia kwa majirani. Kwangu haiingii."

"Najua, mama Salama."

"Na sisi?"

"Kuna kiwanja nyuma ya soko. Mtajengewa vyumba sita. Kabla ya masika mmeingia."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi."

Tatu akaweka fungu la mwisho. "Wangekuja wale wengine na barua yao, ningewatolea sheria yako. Ninayo pale juu ya kabati, nimeifunga kwenye nailoni isiliwe na mende. Ningewaambia, someni."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Ndiyo. Umekuja na mkono uliokata kitovu cha Salama."

Hapo Esteria angeweza kusema: la, leo nimekuja kama diwani, nikatalie ukitaka. Neno hilo lilimfika kooni kabisa. Lakini alikumbuka yule msichana wa Kwai, akanyamaza. Akauacha mkono wake pale juu ya meza, uonekane.

"Haya," akasema Tatu.

"Tuandikishane basi, kuhusu vile vyumba."

Tatu akamtazama kama aliyetukanwa. "Wewe na mimi? Nesi, tumefikia kuandikishana?"

Hawakuandikishana. Wale watano wengine walimfuata Tatu, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Karatasi iliyoandikwa ilikuwa moja tu, ya Sefania, imepigwa chapa ofisini: mimi fulani nahama kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu. Wanawake wanne wakatia sahihi, wawili wakatia dole gumba. Wakafunga virago. Walitawanyika, huyu kwa dada yake, yule chumba cha udongo huko bondeni. Tatu akapanda na binti yake kwa kaka yake Amiri, kitongoji cha juu kabisa ng'ambo ya Kwai, ambako bodaboda hufika kiangazi tu.

Mwezi wa tisa paa likaezuliwa, kwa kuwa mabati ya zamani yalikuwa yameoza. Esteria alikwenda kila asubuhi kutazama. Alisimama katikati ya vyumba akionyesha mafundi: hapa vitanda vinne, hapa jiko la kina mama, hapa bomba. Alikuwa na furaha, hajaficha. Alimwambia Raheli, "Sasa naweza kufa."

Kisha mafundi wakasimama. Fedha iliyotosha kuezua haikutosha kuezeka. Bei ya mabati ilikuwa imepanda. Makisio mapya yakaandikwa, yakapelekwa juu, yakarudi na swali. Swali likajibiwa, yakapelekwa tena. Kile kiwanja cha nyuma ya soko kikatokewa na ukoo uliodai kwamba ni shamba la babu yao, na huenda walisema kweli. Esteria akienda kwa huyu anaambiwa jambo liko kwenye mchakato. Akienda kwa yule, mchakato umefikia pazuri. Hakuna aliyemdanganya, hilo alilisema mara mbili alipokuwa akinisimulia. Kila mtu alimjibu kwa upole, akamkaribisha kiti.

Mvua za vuli zikanyesha ndani ya nyumba ya mawe. Majani yakaota sakafuni.

Mwezi wa kwanza, msimu wa plamsi, Esteria alipita sokoni akamkuta Tatu kwenye gunia, beseni la plamsi mbele yake. Alishuka mara moja kwa wiki siku hizo, mwendo wa saa tatu na nusu kwa miguu. Karibu naye alikuwa Shukrani, yule jirani yake wa zamani wa chumba cha nne, mdomo wake kama wembe.

"Mheshimiwa!" akaita Shukrani ili soko lote lisikie. "Hawajambo wazazi wetu kule nyumbani? Wameshajifungua vyura wangapi?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Pacha! Vyura huzaa pacha!"

"Nyamazeni, nyie," akasema Tatu. "Mwenzenu anahangaika."

Esteria akachuchumaa. "Shikamoo, mama Salama. Nakuomba unistahimilie. Kabla ya masika."

"Marahaba. Mimi sijasema kitu."

"Salama hajambo? Mbona simwoni? Mwambie ashuke anisalimu."

Tatu akachukua plamsi moja, akaifuta kwa kanga, akairudisha juu ya zenzake. "Njia ya kushuka si ya kwake siku hizi," akasema polepole.

Watu wa milimani hawataji mimba. Mimba haina jina mpaka ilie. Utasema fulani hapandi tena ngazi, au fulani siku hizi hachoti maji mbali, na aliyekusudiwa kusikia husikia. Na aliyezika wawili kabla ya huyo mmoja huwa anasema kwa kuchagua zaidi. Mwanamke yeyote pale sokoni angesikia. Shukrani alisikia, akaacha kucheka. Lakini simu ya Esteria ililia wakati ule ule, Sefania anamwita kwamba swali la makisio limerudi, na Esteria akainuka akijibu, "Ndiyo, Mheshimiwa, nakuja," akampungia Tatu mkono akaenda zake. Alidhani ameambiwa habari za utelezi.

Masika yaliingia. Mwezi wa nne, siku kumi za mvua isiyokatika, daraja la barabara ya kabichi likachukuliwa na maji. Baraza likaitwa kwa haraka. Sefania hakucheka siku hiyo. Alisema fedha ya mabati ya nyumba ya wazazi, ambayo hatimaye ilikuwa imekubaliwa, ihamishiwe kwenye daraja, kwa sababu mboga zinaoza na watu elfu kumi hawana njia. Esteria akasimama kusema. Alikuwa na maneno mengi, tena mazuri, aliyoyaandaa kwa miaka. Lakini alipotazama nyuso za wenzake aliona kwamba Sefania ana haki, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa diwani wa kule darajani angeinua mkono. Akasema kidogo. Mikono ikainuka.

Simu ilikuwa ikitetemeka kwenye mkoba wake. Ilikuwa Raheli.

"Mama, njoo," akasema Raheli. Halafu akakata.

Kutoka ukumbini hadi kituo si mbali. Esteria alitembea kwenye mvua, na kabla hajafika getini aliwaona wanaume wanane wamesimama chini ya upenu, wanajipangusa matope kwa majani. Amiri alikuwa mmoja wao. Alimjua. Akasimama hapo hapo kwenye mvua, kwa kuwa aliona kwamba asipopiga hatua nyingine jambo litakuwa bado halijawa. Kisha akapiga hatua.

"Mtoto mzima," Raheli akamwambia mlangoni, sauti chini. "Wa kike. Alizaliwa njiani kwenye machela, pale kwenye maporomoko. Kondo la nyuma halikutoka. Damu haikukatika. Walipofika hapa hakuwa na kitu tena, mama. Nilijaribu. Hakuwa na kitu."

Esteria akafunua blanketi. Akakaa akiangalia uso ule, ambao yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kuuona. Akafunika.

Tatu alikuwa kwenye benchi la kungojea, kichanga kifuani ndani ya kanga mbili, maji yanamchuruzika miguuni. Dirishani nyuma yake ilionekana nyumba ya mawe ng'ambo ya njia, mlango wa kwanza, na mvua ikiingia kwa juu.

Esteria alikaa kando yake. Halafu likamtoka neno ambalo hangelirudisha tena.

"Ungeniambia."

Tatu hakugeuka. "Nilikuambia sokoni."

"Hukuniambia, mama Salama."

"Nilikuambia kama inavyosemwa. Wewe ulikuwa unasikiliza simu."

"Na siku ile ya sukari? Siku ile ungesema neno moja tu, mimi nisingewahamisha. Wallahi nisingewahamisha." Mlutheri mzima, akaapa kwa kiapo cha mwenzake.

"Siku ile ilikuwa ya miezi miwili. Ya miezi miwili anaambiwa nani?" Tatu akaifunika vizuri miguu ya mtoto. "Tena wewe ni mkunga, nesi. Alitoka nje mbele yako ameziba pua."

Salama alizikwa jioni ile ile huko juu, baada ya wanaume wale wale kumpandisha. Juma alifika maziko yamekwisha, na magunia ya kabichi bado yamemtia vumbi jeupe mabegani.

Siku ya tatu, ya kuanua matanga, Esteria alipanda. Hakutaka gari la halmashauri, ambalo kwa hali yoyote lisingepita. Alitoka alfajiri akafika kisomo kimemalizika, viatu vimekuwa madonge mawili ya udongo. Nyumba ya Amiri ilikuwa imejaa wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga hadi machoni. Akavua viatu mlangoni.

"Poleni na msiba," akasema.

Baadhi wakaitikia. Bibi mmoja, shangazi yake Tatu, hakuitikia. Akasema kwa sauti kwa watu wote, "Mheshimiwa amepanda kuhesabu kura. Mwambieni imepungua moja."

"Shangazi," akasema Amiri kutoka uani, "mwache akae. Ametembea."

"Hata mwanangu alitembea. Alipandishwa huku na nani, kwani? Alikuwa anakaa mlangoni pa hospitali, miaka kumi na saba, anasikia manesi wakikohoa! Kaeni, kaeni. Mimi sijamfukuza mtu."

Esteria akakaa. Wali wa msiba ukaletwa. Akala tonge tatu, kwa kuwa kukataa kungekuwa maneno mengine. Mtoto alikuwa ananyonyeshwa na jirani mwenye mtoto wake wa miezi minne. Tatu alikuwa pembeni kabisa, mgongo ukutani, macho makavu, mekundu. Wakasema hajalala tangu siku ile, hata kusinzia.

Watu walipopungua, Esteria akajivuta mpaka alipo.

"Nitaandika barua, mama Salama. Nauacha udiwani. Jumatatu."

"Ukiuacha, mimi nitarudishiwa nini?"

Esteria akaokota punje ya wali iliyoanguka mkekani.

"Basi usiniongezee kazi ya kukuonea huruma. Sina nguvu hizo."

"Nitasimama barazani niseme kwamba ninyi hamkuhama kwa hiari. Kwamba ile karatasi ni mimi niliyewafanya mtie sahihi. Wawape vyumba kwa sheria."

Tatu akalifikiria hilo kwa haki, kama anavyofikiria bei. Kisha akatikisa kichwa.

"Karatasi ni ya kweli," akasema. "Tulihama kwa hiari. Uliomba, nikakupa. Ningekuwa nimelazimishwa ningekuwa na mtu wa kumlaumu usiku kucha, ningepata na usingizi." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu sokoni. "Hapana, nesi. Kile nilikupa mwenyewe."

Mvua ikaanza tena saa saba mchana, ile nzito inayofuta upande wa pili wa bonde. Hakuna aliyeweza kuondoka. Amiri akafunga mlango, chumba kikawa giza la mchana, la moshi na nguo zilizolowa. Wanawake walikuwa wamechoka siku tatu za kupika na kulia. Mmoja akajinyoosha, mwingine akamfuata, mpaka mkeka ukajaa migongo. Shangazi alilala akiwa bado anasema neno. Jirani akamtoa mtoto kifuani, ameshiba, akamlaza katikati ya mwanawe na ukuta, wakalala wote watatu. Na Tatu, aliyekuwa ameapa kwamba usingizi si wake tena, kichwa kikamdondoka begani, akainuka akashtuka, kikadondoka tena, na hakukiinua.

Esteria akabaki macho peke yake, mgongo kwenye nguzo, miguu imefunikwa na kanga ya mtu asiyemjua. Macho yake yalipozoea giza alianza kuona kama alivyozoea kuona kazini. Yule aliyelala ubavu karibu na jiko, kwa jinsi alivyoweka mkono chini ya tumbo, alikuwa na miezi mitano. Hakuna aliyekuwa amesema. Yule mwembamba pale mlangoni, aliyekataa mchuzi, mitatu. Akahesabu kwa vidole: mwezi wa nane mmoja, wa kumi mwingine. Na wa kumi mvua za vuli zinaanza. Daraja lilikuwa limechukua mabati. Makisio mapya yangeandikwa mwezi wa saba, yakapelekwa juu, yakarudi na swali. Alizijua siku zote za njia ile, kituo kwa kituo, na kila alipozihesabu upya zilifika nyuma ya zile za tumbo. Akahesabu tena akianzia mwisho. Akajaribu nyumba nyingine, kiwanja kingine, mtu mwingine wa kumwendea na kilo ya sukari. Hakumpata. Mvua haikubadilisha mlio. Akarudi kwenye mwezi wa nane, akashika kidole kimoja, cha pili hakukishika, na usingizi ukamchukua ameketi vile vile.